Kumbukumbu ambazo mfalme hakuruhusiwa kuzisoma

Mwaka 1404 Mfalme Taejong wa Korea alikwenda kuwinda. Alipokuwa akimlenga paa kwa mshale farasi wake alianguka, na mfalme akaanguka naye. Hakuumia. Alipoinuka alitazama huku na huku, akaagiza kwamba mwandishi wa historia asipate habari hiyo. Habari ilimfikia. Mwandishi akaandika kuanguka kwa mfalme, na agizo la kuficha akaliandika pia.

Maandishi hayo yamo katika Kumbukumbu za Ufalme wa Joseon, ambazo Wakorea huziita Sillok. Zinaanzia 1392, ukoo wa Yi ulipotwaa utawala, hadi 1863: miaka 472, wafalme 25, vitabu 888 vilivyoandikwa kwa Kichina cha kale, lugha ya wasomi wa enzi hiyo. Humo mna vita, kodi, njaa, kesi za mauaji, mafuriko na mambo ya angani. Nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1604 ilifuatiliwa na watazamaji wa ikulu kwa miezi, na wanaastronomia wa zama zetu bado wanayatumia maelezo yao.

Waandishi wenyewe walikuwa maofisa wa cheo cha chini, wengi wao vijana. Hata hivyo mfalme hakupaswa kuonana na mawaziri bila mmoja wao kuwapo, kalamu mkononi. Mbali na maandishi ya ofisini, mwandishi aliweka rasimu nyingine nyumbani kwake, na humo alisema wazi alivyomwona waziri fulani au mfalme mwenyewe. Mfalme alipofariki, ofisi maalumu iliundwa ikakusanya rasimu zote, ikazipanga na kuzihariri mara tatu. Kazi ilipokwisha, rasimu zilipelekwa kwenye kijito cha Segeomjeong, nje ya ukuta wa Seoul, zikaoshwa mpaka wino ukatoka, na karatasi ikatengenezwa upya. Hivyo haikuwa rahisi kujua nani aliandika nini.

Mtihani mkubwa wa kanuni ya kumzuia mfalme asizisome ulikuja mwaka 1431. Mfalme Sejong, yule aliyewapa Wakorea alfabeti yao, alitaka kusoma kumbukumbu za baba yake, huyo huyo Taejong. Mawaziri wakamkatalia: mfalme akisoma, waandishi wa baadaye wataogopa. Alijaribu tena mwaka 1438, akakataliwa tena, akakubali. Kwangu mimi, kukubali huko ni jambo kubwa kuliko vita vingi alivyoshinda mfalme yeyote wa ukoo ule.

Si wote waliokuwa na subira hiyo. Mwaka 1498 Mfalme Yeonsangun aliletewa sehemu za rasimu ya mwandishi Kim Il-son, zilizogusa namna babu wa baba yake alivyonyakua kiti cha enzi. Kim Il-son aliuawa pamoja na wenzake. Mwalimu wake, Kim Jong-jik, alikuwa ameshakufa. Kaburi lake likafukuliwa na maiti yake ikaadhibiwa. Baadaye makundi ya siasa nayo yalizigombania kumbukumbu, na kila kundi lililopata madaraka lilitaka za watangulizi wake zirekebishwe. Lakini toleo jipya lilipoandikwa, la zamani halikuchomwa. Yaliwekwa yote mawili, na msomaji anaweza kuyalinganisha mpaka leo.

Moto ulikuwa hatari ya namna nyingine. Nakala zilihifadhiwa katika maghala manne: Seoul, Chungju, Seongju na Jeonju. Wajapani walipovamia mwaka 1592, matatu yaliteketea. Likabaki la Jeonju, na adui alikuwa njiani. Wasomi wawili wa mkoa ule, An Ui na Son Hong-rok, watu wazima waliokwisha kupita umri wa kupigana, walitumia mali zao na watumishi wao kupandisha vitabu vyote katika mlima Naejang. Wakavilinda huko kwa zaidi ya mwaka, kwa zamu, usiku na mchana. Bila wao, karibu miaka mia mbili ya kwanza ya Joseon isingekuwa na kumbukumbu hizi.

Serikali ilijifunza. Kati ya 1603 na 1606 vitabu vilichapwa upya, na maghala mapya yakajengwa mbali na miji, milimani na kisiwani Ganghwa. Watawa wa Kibudha walipewa kazi ya kulinda maghala ya milimani. Kila baada ya miaka kadhaa ofisa alitumwa kuvitoa vitabu, kuvianika na kuvipanga tena masandukuni pamoja na dawa za miti za kufukuza wadudu.

Hata hivyo nakala ya mlima Odae, palipokuwa na moja ya maghala hayo mapya, iliumia sana. Mwaka 1913, Korea ikiwa chini ya Japani, vitabu vyake vilipelekwa Chuo Kikuu cha Tokyo. Tetemeko la 1923 lilipozua moto, karibu vyote viliungua. Kati ya vilivyosalimika, 27 vilirudishwa Korea mwaka 1932. Vingine 47 vilirudi 2006, baada ya Wakorea kuvidai kwa miaka. Tangu 2023 vina makumbusho yao kwenye mlima ule ule. Na Kumbukumbu zote za Joseon, katika lugha ya asili na tafsiri ya Kikorea cha leo, zinasomwa bure kwenye intaneti.