Ramani Jibizi

Anayeitafuta Matema, kijiji cha Kyela kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mtandaoni hukutana na ramani za aina mbili. Ya kwanza ni picha iliyobandikwa ukurasani, haisogei. Ya pili huburutwa kwa kidole mpaka bandari ya Itungi ionekane, hukuzwa mpaka barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema ijitenge na mito, na ukibofya alama iliyo juu ya Lyulilo kinaibuka kidirisha cha kukueleza kuwa hapo huuzwa vyungu vya kabila la Wakisi. Kwa Kiingereza ramani hiyo ya pili inaitwa interactive, na wafasiri wengi wameizoea kama “ramani shirikishi”. Naona jina hilo linaipa sifa isiyo yake.

Tanzania, neno shirikishi lina uzito. Mpango shirikishi wa kijiji ni ule ambao wanakijiji wameitwa, wakasema, na waliyoyasema yakaandikwa. Ramani Huria, kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ilikuwa shirikishi kwa maana hiyo: wanafunzi na wakazi walipita mitaani wakaweka kwenye ramani mifereji na majengo ya sehemu zinazokumbwa na mafuriko. Ukiichapa kwenye karatasi, isisogee hata kidogo, bado ni shirikishi. Na ipo ramani inayoitika kila inapobofywa ilhali hakuna mtu hata mmoja wa Kyela aliyeulizwa lolote. Hizo ni sifa mbili, na kila moja inastahili neno lake. Napendekeza ramani jibizi, kutokana na kujibizana: kidole kinauliza, ramani inajibu. Umbo la neno si geni, kwani dirisha ibukizi na programu-jalizi tumeshazizoea.

Sasa tuje kwenye moduli, kipande cha programu kinachoiweka ramani ya aina hiyo kwenye tovuti. Tovuti za hoteli, shule na taasisi siku hizi haziandikwi ukurasa mmoja mmoja kwa mkono. Huendeshwa na mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayoweka maandishi kwenye hifadhidata na kuyatenga na sura ya tovuti, ili mhudumu asiyejua kuandika programu aweze kubadilisha bei ya chumba bila kuharibu chochote. Drupal ilitoka mwaka 2001, WordPress 2003, Joomla 2005. Hiyo Joomla ni jumla yetu ya Kiswahili iliyoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Waasisi wake waliichagua kwa maana ya watu wote kwa pamoja, na inafaa wanafunzi wetu wa kompyuta wafundishwe hivyo. Kipande kinachoongezwa kwenye mfumo huitwa moduli katika Drupal na programu-jalizi katika WordPress. Joomla inavyo vyote viwili: moduli ni kisanduku kinachoonekana mahali fulani pa ukurasa, programu-jalizi hufanya kazi chini kwa chini.

Moduli ya ramani, kwa kawaida, haina ramani ndani yake. Inaagiza vigae, picha za mraba zenye pikseli 256 kwa 256. Dunia nzima ni kigae kimoja; kila hatua ya kukuza hugawa kila kigae kuwa vinne, na ukifika hatua ya 12 vimepita milioni 16. Kivinjari huchukua tu vile vichache vinavyojaza skrini, ndiyo maana hata mwenye bando dogo anaweza kuifungua. Kazi ya kuvipanga mara nyingi hufanywa na Leaflet, maktaba ya programu iliyotolewa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011, na data inayochorwa humo kwa kawaida ni ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao yeyote anaweza kuuongezea barabara au kisima.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni namba za mahali. Matema iko karibu na latitudo −9.5 na longitudo 34.0. Ukisahau alama ya hasi, nyumba yako ya wageni inahamia mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia. Ukigeuza mpangilio, inaelea katika Atlantiki, nje ya pwani ya Morocco. Kosa hilo la pili ni rahisi kulifanya kwa sababu Leaflet hutaka latitudo kwanza, wakati GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, hutanguliza longitudo.

Kisha kuna jina la ziwa lenyewe. Sisi tunasema Nyasa, Malawi wanasema Ziwa Malawi, na mpaka unaotokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 una ubishi hadi leo. Anayeweka moduli bila kutazama vigae vyake amekubali jina na mstari aliochora mtu mwingine. OpenStreetMap huruhusu kitu kimoja kiwe na majina ya lugha nyingi, na la Kiswahili huwekwa kwenye lebo ya name:sw; lakini vigae vyake vya kawaida huonyesha jina kuu tu, hivyo anayetaka Kiswahili atafute vigae vilivyochorwa kwa lebo hiyo.

Nukta peke yake haitoshi ufukoni kwetu. Mashamba ya mpunga ya Kyela ni eneo, na safari ya meli kutoka Itungi kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay ni mstari. Ramani ya watalii yenye nukta za hoteli tu inaificha njia ambayo vijiji vilivyo chini ya milima ya Livingstone vimeitegemea miaka mingi. Moduli nzuri huruhusu tabaka: hoteli tabaka moja, bandari na njia za meli tabaka jingine, kila moja ikiwashwa na kuzimwa peke yake. Na chini ya kisanduku cha ramani maelekezo yaandikwe kwa maneno, Kyela mjini, Ipinda, Matema, kwa ajili ya yule ambaye vigae vyake vimekataa kufunguka.