Jina la Baba, Ukoo wa Mama: Mawe ya Makaburi na Madaftari ya Parokia katika Historia ya Familia Mkoani Mtwara

Mtafiti wa historia ya familia katika mkoa wa Mtwara, kuanzia Masasi na Newala hadi mlango wa Mto Ruvuma, hutegemea zaidi vyanzo viwili vya maandishi: jiwe la kaburi na daftari la parokia. Vyote viwili humtambulisha mtu kwa jina lake na la baba yake. Hata hivyo, Wamakonde, Wamakua na Wayao wa eneo hili kwa desturi wamehesabu ukoo kuukeni. Mtoto wa Kimakonde ni wa litawa la mama yake, na wa Kimakua ni wa nihimo ya mama yake. Mrithi wa cheo cha mzee ni mpwa wake, si mwanawe. Makala haya yanadai kwamba nasaba inayojengwa kwa majina ya baba pekee huwa sahihi kwa karatasi lakini potofu kwa ukoo, na kwamba madaftari yenyewe yana njia ya kuirekebisha.

Madaftari ya Kianglikana ya eneo hili yana asili katika msafara wa mwaka 1876. Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) aliondoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, waliozidi 50, akapitia Lindi kwa nia ya kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa. Walikaa Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara walikishambulia kijiji hicho. Baadhi ya wakazi walichukuliwa mateka na wengine wakahamia Newala. Kituo cha Masasi kilishambuliwa tena wakati wa Vita vya Majimaji, mwaka 1905. Kwa hiyo, jina linapotoweka katika orodha, si lazima mwenyewe awe amefariki. Huenda alitekwa, alihama, au daftari lenyewe liliteketea. Kumbukumbu za UMCA zilizohifadhiwa Oxford, hasa barua na taarifa za wamisionari, husaidia kutenganisha uwezekano huo.

Mfano wa Cecil Majaliwa unaonesha mpaka wa madaftari hayo. Majaliwa, Myao aliyetiwa utumwani utotoni, alisoma Kiungani, Zanzibar, na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika UMCA, akihudumu Chitangali miongoni mwa Wayao. Mkewe, Lucy Magombeani, alilelewa katika makazi ya waliokombolewa ya Mbweni, Zanzibar. Mtafiti akiwatafutia watoto wao ukoo kwa desturi ya Wayao, yaani kuukeni, njia ya maandishi inamfikisha Mbweni na kukoma hapo. Kwa familia za namna hii daftari la parokia ndilo mahali ambapo ukoo ulianza upya, baada ya utumwa kuwatenga watu na mama zao. Kwa familia za wenyeji waliobatizwa vijijini mwao hali ni tofauti: ukoo wa mama ulikuwapo, ila kalamu haikuuandika.

Tatizo la pili ni wingi wa majina ya mtu mmoja. Mvulana aliyetoka jandoni, au msichana aliyetoka unyagoni, alipewa jina jipya. Ubatizo ukaongeza lingine. Desturi hii haikukoma kwa kuja kwa kanisa, kwani Vincent Lucas, Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alijulikana kwa kuandaa jando la Kikristo. Aidha, jina la mkuu lilirithiwa pamoja na cheo. Wamisionari wa miaka ya 1870 walishughulika na Matola wa Newala. Karl Weule alipofanya utafiti wake mwaka 1906 alikutana na Matola mwingine. Asiyezingatia jambo hili atawafanya watu wawili kuwa mmoja.

Pwani, vyanzo hupungua zaidi. Mikindani na Msimbati, makaburi mengi ya Waislamu hayana maandishi. Mawe mawili, la kichwani na la miguuni, hutosha, na aliyelala pale hujulikana kwa kumbukumbu za wanaozuru. Mpaka nao umeyagawa makaburi. Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikatekwa na Wareno mwaka 1916, na kutambuliwa kuwa yao mwaka 1919. Familia yenye wafu kwenye kingo zote mbili za mto ilibadilishiwa serikali bila kuhama.

Njia inayopendekezwa hapa ni kuanza na safu ambazo watafiti huziruka. Jina la mama katika daftari la ubatizo, wadhamini, na mashahidi wa ndoa yaorodheshwe kwa uzito uleule wa jina la baba. Mwanamume anayejitokeza mara kwa mara katika ubatizo wa watoto wa dada wawili huenda ni mjomba wao. Dhana hiyo ipelekwe kwa wazee wa familia pamoja na swali la litawa au nihimo, ndipo ikubaliwe au ikataliwe.

Hata hivyo, swali hilo lina uzito wake. Mzee akiulizwa ukoo wa bibi yake aliyebatizwa Masasi, huenda anaulizwa pia kama bibi huyo alikuwa mtumwa, jambo ambalo familia inaweza kuwa imelisitiri kwa vizazi kadhaa. Ndiyo maana nasaba iliyokamilika irudishwe kwanza kwa wenyewe, nao waamue ni jina lipi lichapishwe na lipi libaki nyumbani.