Maji yenye klorini: udhu, kisima na dawa ya bwawa

Ndugu zetu wa visiwani wanaokwenda Tabora kuzuru jamaa hutuuliza: maji ya bomba yananuka dawa, je, yanafaa kutilia udhu?

Dawa inayonuka ni klorini. Mara nyingi hutoka katika kalsiamu hipokloriti, unga au chembe nyeupe, na ndiyo hiyo hiyo itiwayo katika mabwawa ya kuogelea ya hoteli zetu. Katika maji ya kunywa hutiwa kidogo mno: baada ya nusu saa inatakiwa ibaki kama miligramu 0.5 kwa lita.

Kwa madhehebu ya Shafi, maji yaliyochanganyika na kitu twahara huacha kutwaharisha pale yanapobadilika sana hata yasiitwe tena maji matupu, kama maji yaliyokolea zafarani. Harufu ndogo ya klorini haifiki huko. Udhu unasihi, na josho la janaba na kuosha maiti vilevile. Ila wengi huchanganya mambo mawili: klorini huua vijidudu, haiondoi najisi. Kisima kilichoingiwa na maji ya choo kikabadilika, hakitwahariki kwa kufunikwa harufu yake. Wallahu a'lam.

Wasiwasi huu una gharama. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilifuata maji, na penye kisima kimoja cha watu wengi, maradhi ya mmoja huwa ya wote. Mei 2015, katika ziwa lile lile la Tanganyika ilikoishia njia hiyo, wakimbizi wa Burundi waliosongamana Kagunga walipatwa na kipindupindu, na wako waliofariki. Agosti mwaka huo maradhi hayo yalizuka Dar es Salaam, kisha Unguja nako yakaingia. Anayemwaga maji yenye dawa akachota ya kisima kilicho wazi anawaweka watoto wake hatarini, na sheria haikumtaka hivyo.

Lakini msichukue dawa ya bwawa mkatia kisimani. Vidonge vikubwa vya trikloro vina kiambato kinachobaki majini, na havikutengenezwa kwa maji ya kunywa. Vikigusana na unga wa kalsiamu hipokloriti vinaweza kulipuka. Klorini ikichanganywa na siki au asidi hutoa gesi yenye kuua. Nyumbani tumieni vidonge vya maji ya kunywa: kimoja cha miligramu 67 kwa dumu la lita 20 za maji maangavu, kisha subirini dakika 30. Kisima kizima mwachieni bwana afya.