Dawa ya Presha: Saa Ile Ile, Kila Siku

Leo tunazungumza juu ya saa ya kumeza dawa ya presha, yaani shinikizo la damu. Huenda nyumbani kwako yuko nyanya anayeitumia, au unaitumia wewe mwenyewe. Ni afadhali ameze asubuhi au usiku? Na mwezi wa Ramadhani je? Ili tupate jibu, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 aliowaona Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, hakupata hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Miaka 40 baadaye, mwaka 1969, A. G. Shaper na wenzake walieleza habari za vijana wa Kisamburu, wafugaji wa kaskazini, walioingia jeshini. Waliacha maziwa ya nyumbani, wakala chakula cha kambi chenye chumvi nyingi, na presha yao ikapanda. Nasi pia, hapa Garissa, Wajir na Mandera, familia nyingi zimetoka malishoni zikahamia mjini. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa.

Dawa nazo zina historia yake. Mwaka 1958 kilianza kutumika kidonge cha kukojoza, kinachotoa maji na chumvi mwilini. Miaka ya 1960 ikaja methyldopa, ya kumezwa mara mbili au tatu kwa siku. Fikiria mzee aliye nyuma ya ngamia tangu alfajiri: ataikumbuka vipi dozi ya mchana? Miaka ya 1990 zikaenea dawa kama amlodipine, ambazo kidonge kimoja hufanya kazi mchana kutwa na usiku kucha.

Hapo ndipo swali la saa lilipoanza. Presha hushuka tukilala na kupanda kuelekea asubuhi, kwa hiyo baadhi ya madaktari walidhani kidonge cha usiku kinakinga zaidi. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2019 uliwaunga mkono, lakini wataalamu wengi waliutilia shaka. Mwaka 2022 Uingereza ilitoa matokeo ya watu 21,104: nusu walimeza asubuhi, nusu jioni, wakafuatiliwa kwa miaka mitano na zaidi. Kiharusi na mshtuko wa moyo havikutofautiana.

Basi mama, jibu ni hili: chagua saa ambayo hamtasahau, na muifuate kila siku. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Presha haina kelele, na kiharusi hakipigi hodi.

Ramadhani ikikaribia, nendeni kituo cha afya mapema. Kidonge cha mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa futari au daku. Cha kukojoza kikimezwa daku kinaweza kuleta kiu na kizunguzungu katika joto letu, kwa hiyo muulize daktari. Dawa ya mara tatu kwa siku daktari anaweza kuibadilisha. Dozi ikisahaulika, asimeze mbili pamoja ili kufidia.

Na wewe mjamzito, usitumie kamwe dawa ya presha ya mtu mwingine. Methyldopa bado hutolewa kwa wajawazito, lakini nyingine, kama enalapril, humdhuru mtoto tumboni. Ukiumwa sana na kichwa, macho yakiona ukungu, au ukipata maumivu juu ya tumbo, usingoje saa ya dawa. Nenda hospitali papo hapo, hata ikiwa usiku wa manane.

Leo jioni, muulize nyanya: umemeza saa ngapi? Kesho muulize tena saa hiyo hiyo. Kwaheri, na afya njema.