Tarehe ya Mjadala wa Hadhara Katika Butembo na Beni

Kabla ya kuwako mji wa Butembo, mashariki ya Kongo, na kabla ya kupasuliwa njia ambayo leo ni Barabara ya Taifa namba 2, milima ya Wanande, ambao wengi wao hupenda kujiita Wayira, ilikuwa na nyumba iliyoitwa kyaghanda, ambamo wanaume wa ukoo walikusanyika jioni kuuzunguka moto, mgeni akakaribishwa na kuulizwa habari za alikotoka, kesi za mipaka ya mashamba na za mahari zikasikilizwa, na vijana wakakaa nyuma ya wazee wao wakijifunza kunyamaza kwanza na kusema baadaye. Habari iliyoingia humo haikupokelewa kwa heshima ya aliyeileta. Ilihojiwa, ikapingwa, ikatafutiwa shahidi, hata ikasimama au ikaanguka. Tabia hiyo ya kutokubali neno mpaka limejadiliwa ndiyo urithi mkubwa wa ahali ya nchi hiyo, na ndiyo iliyoitwa ujinga na baadhi ya wageni waliofika mwaka 2018 kupambana na maradhi ya Ebola.

Nyumba hiyo ilikuwa na kasoro, nami naitaja mapema kwa sababu tutaikuta tena: ilikuwa nyumba ya wanaume. Mwanamke, ambaye ndiye aliyelima, aliyeuguza na aliyeosha maiti pamoja na ndugu zake, hakuwa na kiti karibu na moto ule.

Serikali ya Kibelgiji iliwatumia machifu wa Bashu, Baswaga, Batangi na Bamate katika kutoza kodi na kutafuta vibarua, na baadaye chama kimoja cha Mobutu kiliyageuza maneno ya hadhara kuwa nyimbo na ngoma za kumsifu mkuu. Mjadala haukufa kwa hayo, bali ulihamia sokoni na kanisani. Wafanyabiashara wa Butembo, waliouza kahawa na dhahabu wakarudi na vitenge, vipuri na vyombo kutoka Kampala na Mombasa, kisha kutoka Dubai na Hong Kong, walikuwa wakileta habari pamoja na shehena, na thamani ya shilingi ya Uganda ilijulikana vibandani kabla ya tangazo lolote la serikali. Upande wa kanisa alikuwako Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, mtu aliyewahimiza waumini kutengeneza barabara kwa mikono yao wakati dola ilipokuwa imekwisha kuzisahau, na ambaye katika zama zake kilizaliwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, mwaka 1989. Mahali ambapo raia ndio watengenezao barabara na kujenga chuo, si ajabu wakajiona wana haki ya kuuliza kodi imekwenda wapi.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika miji ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, pakatokea jambo jipya: watu walisimama mbele ya wauza magazeti, aghalabu bila ya senti ya kununulia, wakasoma kurasa za mbele zilizotandazwa chini na kuzibishania mpaka jua likawa kali. Wakaitwa wabunge wa kusimama, maana wabunge wa kukaa walikuwa na viti na mishahara. Huko Butembo desturi hiyo ilitia mizizi kuliko mahali pengi. Mtaa wa Furu ukapata bunge lake, Parlement debout de Furu, na kundi jingine likachukua jina la baraza la nyumba, Véranda Mutsanga. Gazeti la Kinshasa lilikuwa adimu huko, kwa hiyo redio ndiyo iliyokuwa chemchemi: idhaa za ng'ambo za Kifaransa na Kiswahili, Radio Okapi tangu Februari 2002, na Radio Moto ya jimbo katoliki. Aliyesikiliza Kifaransa aliwafasiria wengine kwa Kiswahili au Kinande, na mara nyingi mfasiri huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupingwa, kwa madai kwamba ameongeza lake.

Wakati wa vita, waasi wa RCD-ML, walioifanya Beni kuwa makao yao baadaye, walikuwa na mkuu ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwandishi wa masuala ya mashauri ya kijumuiya kama njia ya Kiafrika ya kutatua migongano: Ernest Wamba dia Wamba. Naye hakupata nafasi ya kutenda aliyoyaandika, kwa sababu Mbusa Nyamwisi, mwenyeji wa nchi na mwenye askari, alimpokonya uongozi. Kadhia hiyo ingestahili kitabu chake. Mimi naipita upesi ili nifike kwenye mwaka 2014.

Mwezi Oktoba wa mwaka huo yalianza mauaji ya raia katika wilaya ya Beni, ya panga na shoka, usiku kwa usiku, yakaendelea mwaka baada ya mwaka. Serikali ilisema wauaji ni waasi wa ADF waliotoka Uganda. Watu wa Beni, waliokuwa wakizika, wakauliza maswali ambayo mfiwa yeyote angeuliza: askari walikuwa wapi, kwa nini walichelewa, na je, ni kundi moja tu? Waliouliza walishutumiwa kuwa wachochezi. Kisha mwezi Machi 2016 watafiti wa Kundi la Utafiti wa Kongo, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha New York, wakatoa taarifa iliyosema kwamba wauaji walitoka katika makundi mbalimbali, na kwamba miongoni mwa waliohusika walikuwamo hata baadhi ya maofisa wa jeshi. Yaliyosemwa barazani kwa miezi mingi, na kuitwa uzushi, yalikuwa na sehemu ya ukweli. Na mtu aliyewahi kuitwa mzushi kisha akathibitika kuwa msema kweli hatarudi kwa wepesi kumwamini aliyemtukana.

Katika hali hiyo ndipo, tarehe 1 Agosti 2018, Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, magharibi ya mji wa Beni. Uwanja wa habari wakati huo ulikuwa umepanuka mno: simu zilikuwa mikononi mwa vijana, sauti iliyorekodiwa Beni asubuhi ilisikika Butembo, kilomita 54 kusini, kabla ya chai, na hapakuwa tena na mzee wa kumwuliza mleta habari alikotoka. Uwongo ulipata mbawa, nami siutetei. Lakini ni wajibu kutenganisha uwongo na swali. Mwezi Septemba watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, wakaona kwamba robo yao, asilimia 25.5, hawakusadiki kuwa Ebola ipo. Na katika hao hao 961, chini ya theluthi waliamini kwamba wakuu wa mahali pao wanawatakia maslahi yao. Tarakimu ya kwanza ilitembea duniani kote kama ushahidi wa ujinga. Ya pili, ambayo huenda ndiyo inayoieleza ya kwanza, haikutajwa sana.

Tuyatazame maswali yenyewe. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 8 Agosti 2018, nayo ilipaswa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, ikapewa wahudumu wa afya, waliomgusa mgonjwa na waliowagusa hao. Basi mtu akauliza: kama dawa ni njema, kwa nini jirani yangu achanjwe nami niachwe? Jibu lilikuwapo, nalo ni la busara, kwamba dozi ni chache na maradhi huzuiwa kwa kumzingira mgonjwa. Ila jibu hilo lilichelewa kufika mtaani, na lilipofika lilikuja kwa vipaza sauti vya magari, ambavyo havina masikio. Mwingine akauliza: mbona wajawazito wanakatazwa, ilhali wao nao wanakufa? Swali hilo waliulizana hata mabingwa wa Shirika la Afya Duniani huko Geneva, na mwaka 2019 katazo likaondolewa. Wa tatu akauliza: mnafanya nini na watu wetu nyuma ya maturubai yale? Hilo ndilo lililozaa hadithi za viungo kukatwa na kuuzwa. Huko Beni shirika la ALIMA lilijibu kwa chombo: chumba cha plastiki angavu kiitwacho CUBE, chenye mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani, daktari akimhudumia mgonjwa kutoka nje, na mama wa mgonjwa akisimama hatua moja tu, akimwona mwanawe akipumua na kusema naye uso kwa uso. Mama aliyeyaona hayo kwa macho yake hakuhitaji hotuba, na hadithi ya viungo haikuwa na pa kushika kwake.

Wala si kila mnong'ono ulikuwa batili. Watu walisema Ebola imegeuzwa biashara, magari yanakodishwa kwa bei ya kutisha na kazi zinauzwa. Mwezi Machi 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Oly Ilunga, aliyejiuzulu Julai 2019, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za fedha za Ebola, ingawa yeye alikana. Wanawake walinong'ona kwamba kazi zinatolewa kwa sharti la aibu. Mwezi Septemba 2021 tume huru iliyoundwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ilithibitisha kwamba mambo hayo yalitendeka, na katika watuhumiwa 83 ikawakuta 21 waliokuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Hapa ndipo inaporudi ile kasoro ya kyaghanda. Katika wagonjwa 3,470 wa balaa hili, wanawake walikuwa asilimia 57, kwa kuwa ndio wauguzao. Ila kwenye vituo vya mjadala, vya kusimama na vya simu, waliosikika zaidi walikuwa wanaume. Kunyimwa kwao sauti nakuhesabu kuwa dhuluma kubwa kuliko zote katika tarehe hii, na watu wa Butembo na Beni hawawezi kuiweka mabegani mwa wageni.

Turudi nyuma kidogo, kwa maana siasa nayo ilimwaga mafuta motoni. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi chini ya Corneille Nangaa iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, kwa hoja ya Ebola na usalama, ilhali masoko, makanisa na shule zilikuwa wazi. Zaidi ya wapiga kura milioni moja walitolewa katika kumchagua Rais, ambaye aliapishwa Januari bila ya kura yao. Kesho ya tangazo hilo vijana wa Beni waliandamana, na kituo cha kupokea wagonjwa kikavamiwa. Lakini tarehe 30 watu wa mji huo huo walifanya jambo ninaloliona kuwa kilele cha historia yao: walipanga vituo vyao wenyewe, wakanawa mikono kama walivyofundishwa, wakasimama safuni na kupiga kura kwa karatasi. Nguvu ya kisheria haikuwamo, hoja ilikuwamo. Ilizijibu kwa pamoja hofu ya maradhi na ile mashine ya kupigia kura iliyoundwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, ambayo wapinzani kwa mwaka mzima walikuwa wakiiita mashine ya kuiba. Siku iliyofuata serikali ikakata intaneti nchini kote, ikabaki imekatwa kwa takriban majuma matatu.

Yaliyofuata yanauma. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa tarehe 24 na 27 Februari 2019. Tarehe 19 Aprili, katika hospitali ya Chuo cha Graben, waliuingia mkutano watu wenye silaha wakamwua Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliyeacha ahali yake kuja kuwasaidia watu asiowajua. Hakuna swali la haki lihalalishalo damu yake. Na ilhali hayo yakitendeka, katika vituo hivyo hivyo wagonjwa walikuwa wakikubali kujaribiwa dawa nne, na mwezi Agosti matokeo yakaonyesha kwamba mbili zilipunguza vifo hadi kama theluthi ya waliotibiwa. Moja yao ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi aliyokuwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe. Waliopona waliajiriwa kulea watoto wachanga wa wagonjwa, kisha wakarudi mitaani kusema waliyoyaona, na maneno yao yalikuwa mazito kuliko ya mgeni yeyote. Tarehe 25 Juni 2020 balaa likatangazwa kwisha, watu 2,287 wakiwa wamefariki.

Mauaji ya raia, hata hivyo, hayakwisha. Tarehe 6 Mei 2021 mikoa ya Kivu ya Kaskazini, iliko Beni na Butembo, na Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, raia wakashitakiwa mbele ya mahakama za kijeshi, na mwezi Aprili 2022 wanaharakati 13 wa vuguvugu la vijana la LUCHA, waliokamatwa Beni katika maandamano ya kuupinga utawala huo, wakahukumiwa mwaka mmoja gerezani. Amri iliyotolewa kwa siku 30 ikawa inarefushwa siku 15 baada ya siku 15. Mwezi Agosti 2023 serikali iliitisha meza ya mashauri juu yake, ikawaita wajumbe wa mikoa miwili, wakatoa rai tatu, kuuondoa, kuubakiza au kuugeuza, na Oktoba Rais akatangaza kwamba utalegezwa hatua kwa hatua. Mkutano ulikaa Kinshasa. Laiti ungekaa Beni, watetezi wa amri hiyo wangelazimika kuzisema hoja zao mbele ya wajane wa Mbau na wa Oicha, katika wilaya ya Beni, na wajane hao wangepata fursa ya kuuliza.