Comic-Con ya San Diego: Mambo ya kuzingatia kwa anayekwenda mara ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Julai, watu zaidi ya 130,000 hukusanyika katika mji wa San Diego, jimbo la California nchini Marekani, kuhudhuria Comic-Con, maonyesho makubwa ya vitabu vya katuni ambayo sasa yanahusisha pia filamu, tamthilia za televisheni, michezo ya kompyuta na sanamu za wahusika maarufu.

Kwa shabiki wa katuni anayeondokea Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, safari hiyo hugharimu fedha nyingi. Kosa moja la maandalizi linaweza kumwacha nje ya mlango baada ya kusafiri nusu ya dunia.

Hii ni kwa sababu Comic-Con haifanani na Maonyesho ya Sabasaba, ambako mtu hufika getini, akalipa kiingilio na kuingia. San Diego hakuna tiketi zinazouzwa mlangoni.

Yalikoanzia

Maonyesho hayo yalianza kwa udogo. Machi 21, 1970, kundi la mashabiki wakiongozwa na Shel Dorf liliandaa mkutano wa siku moja katika hoteli ya U.S. Grant mjini humo, na watu waliohudhuria walizidi 100.

Agosti mwaka huo huo uliandaliwa mkutano wa siku tatu uliovuta watu wapatao 300. Miongoni mwa wageni walikuwamo mwandishi Ray Bradbury na mchoraji Jack Kirby, mmoja wa waliombuni mhusika Captain America.

Mwaka 1991 maonyesho yalihamia katika jengo la San Diego Convention Center, lililo kando ya ghuba, na yamebaki hapo hadi leo. Mikutano ya Julai 2020 na Julai 2021 haikufanyika ukumbini kutokana na ugonjwa wa korona, na badala yake vikao vilirushwa kupitia intaneti. Watu walirejea kwa wingi wao wa kawaida Julai 2022.

Beji kwanza, ndege baadaye

Kibali cha kuingia ni beji yenye jina la mhusika, na huuzwa kupitia intaneti pekee, miezi mingi kabla ya maonyesho. Anayetaka kununua lazima kwanza ajisajili kwenye tovuti ya waandaaji na kupewa namba ya uanachama. Usajili huo ni bure, lakini hufungwa kabla ya siku ya mauzo, hivyo anayeukumbuka siku hiyo huwa amechelewa.

Siku ya mauzo, wanunuzi huwekwa katika foleni ya kompyuta na kuitwa bila kufuata nani alitangulia kufika. Waliohudhuria mwaka uliopita hupewa siku yao, kisha hufuata wananchi wengine. Wengi hukosa. Beji huuzwa kwa siku moja moja, na anayekuta Jumamosi imekwisha anaweza bado kupata Alhamisi au Jumapili.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanapaswa kuwa makini na saa. San Diego iko nyuma kwa saa 10 wakati wa majira ya joto na saa 11 wakati wa majira ya baridi. Mauzo yakitangazwa kuanza saa 3 asubuhi ya huko, kwa Dar es Salaam na Nairobi itakuwa saa 1 usiku au saa 2 usiku, kulingana na msimu.

Beji haihamishwi wala kuuzwa tena. Anayenunua kwa mtu mitaani au katika mitandao ananunua kitu kilichoandikwa jina la mwingine, na anaweza kuzuiwa kuingia bila kurejeshewa fedha zake. Aidha, anayetoka nje ya Marekani asome mapema maelekezo ya namna ya kuichukua beji yake.

Baada ya beji ndipo zifuate viza, tiketi ya ndege na hoteli. Kuwa na beji si dhamana ya kupewa viza, na masharti ya viza ya Marekani hubadilika mara kwa mara. Ni vyema kuyapata kutoka ubalozini moja kwa moja, na kuandika pembeni tarehe ya mwisho iliyowekwa na waandaaji kwa wanaotaka kurudisha beji na kurejeshewa fedha.

Hoteli za katikati ya mji hujaa haraka na bei zake hupanda sana wiki hiyo. Kuna treni ya mjini yenye kituo mbele ya jengo la maonyesho, hivyo anayelala mbali kidogo lakini karibu na reli anaweza kuokoa fedha nyingi bila kupoteza muda.

Kuchagua kimoja kwa siku

Maonyesho huchukua siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, pamoja na Jumatano jioni kwa wachache wenye beji za siku hiyo. Ratiba hutolewa wiki mbili hivi kabla, na huwa na mamia ya vikao, vingi vikiendeshwa kwa wakati mmoja katika vyumba tofauti.

Kosa la kawaida la wageni ni kutaka kuona kila kitu. Ukumbi mkubwa kuliko yote, unaoitwa Hall H, huchukua watu zaidi ya 6,000, na ndiko kampuni za filamu huleta waigizaji mashuhuri. Hata hivyo, watu zaidi ya 130,000 hawawezi kuenea katika viti 6,000. Wapo wanaolala nje usiku kucha wakisubiri mlango ufunguliwe.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari kwenye foleni ni kwamba ukumbi huo hautolewi watu kati ya kikao kimoja na kingine. Aliyeingia asubuhi anaweza kukaa hadi jioni, na aliye nje husubiri mpaka mtu atoke. Kwa hiyo anayetaka kikao cha alasiri hulazimika kuwahi alfajiri, na siku yake yote huishia hapo.

Njia iliyo salama ni kuchagua jambo moja kubwa kwa kila siku, kuliwekea mbadala, na kuacha saa zilizobaki kwa ajili ya kutembea. Mwenye beji ya siku moja afikirie mara mbili kabla ya kuitumia yote katika foleni ya kuona waigizaji ambao filamu yao ataitazama baadaye akiwa nyumbani.

Walipo wachoraji

Ukumbi wa chini wa maonyesho una ukubwa wa zaidi ya futi za mraba 400,000. Mabanda ya kampuni kubwa ndiyo yenye taa na kelele, lakini vitabu vya katuni vyenyewe hupatikana zaidi kwa wachapishaji wadogo na katika eneo la wachoraji linaloitwa Artists' Alley.

Huko mtu anaweza kusimama mezani na kuzungumza na mchoraji ambaye amekuwa akisoma kazi zake kwa miaka, akanunua picha ya asili au kuagiza mchoro. Anayetaka mchoro awahi asubuhi ya siku ya kwanza, kwani orodha ya maagizo hujaa. Ni ungwana pia kuuliza bei ya saini kabla ya kutoa kitabu, kwa kuwa wengine husaini bure na wengine hutoza.

Wachoraji chipukizi wana sababu ya ziada ya kwenda. Hufanyika vikao ambamo wahariri wa kampuni hupitia kazi za wachoraji na kutoa maoni. Kijana aliyekulia kwenye kurasa za Sani au Kingo na anayetaka kuchora kitaaluma afike na kurasa chache zilizo bora, zinazosimulia tukio kutoka mwanzo hadi mwisho, badala ya rundo la picha za wahusika waliosimama tu. Mhariri hutaka kuona kama mchoraji anaweza kusimulia hadithi.

Vilevile, Tuzo za Eisner, zilizoanza mwaka 1988 na kupewa jina la mchoraji Will Eisner, hutolewa katika wiki hiyo hiyo. Ni miongoni mwa tuzo zinazoheshimika zaidi katika fani ya katuni.

Mavazi na adabu

Wahudhuriaji wengi huvaa mavazi ya wahusika wanaowapenda, mtindo unaojulikana kama kosplei. Si lazima kufanya hivyo. Silaha halisi haziruhusiwi, na za bandia hukaguliwa na kuwekwa alama na walinzi.

Kanuni kuu ni kuomba ruhusa. Aliyevaa vazi la mhusika hapaswi kushikwa wala kupigwa picha bila ridhaa yake, na haifai kumsimamisha katikati ya njia yenye msongamano. Ndani ya kumbi za vikao, kurekodi vipande vya filamu vinavyoonyeshwa ni marufuku.

Miguu, maji na fedha

Viatu vilivyokwisha kuzoeleka mguuni ni muhimu kuliko vazi lolote, kwani mtu hutembea na kusimama kutwa nzima. Chupa ya maji, chakula chepesi, sweta kwa ajili ya kumbi zenye baridi na chaja ya akiba ya simu vitamfaa. Chakula ndani ya jengo ni ghali na foleni zake ni ndefu.

Bei nyingi zinazoonyeshwa nchini Marekani hazijumuishi kodi ya mauzo, ambayo huongezwa wakati wa kulipa. Mgeni ajipangie kiasi cha kutumia kila siku, na akumbuke kwamba vitabu ni vizito na shirika la ndege hupima mizigo.

Atakayekosa beji ana njia nyingine. Taasisi hiyo hiyo huandaa maonyesho madogo zaidi ya WonderCon, ambayo kwa miaka ya karibuni yamekuwa yakifanyika Anaheim, California, kati ya Machi na Aprili, na tiketi zake hupatikana kwa urahisi zaidi. Aliyekwisha kufika San Diego bila beji anaweza kutembelea mtaa wa Gaslamp, ulio mkabala na jengo la maonyesho, ambako kampuni huandaa burudani ambazo baadhi yake ziko wazi kwa wote, au Jumba la Makumbusho la Comic-Con lililofunguliwa Novemba 2021 katika bustani ya Balboa Park.