kisa cha matumizi

nm [ki-/vi-] wingi: visa vya matumizi (uhandisi wa programu). Maelezo ya hatua kwa hatua ya namna mtendaji anavyoutumia mfumo kufikia lengo moja. Dhana hii iliasisiwa na Mswidi Ivar Jacobson katika miaka ya 1980.

Katika michoro ya UML, kisa huwakilishwa na duaradufu yenye jina la tendo, k.m. "Kupokea kahawa". Mchoro pekee hautoshi. Kwa ushirika wa wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, maelezo yataje karani, uzito na stakabadhi, pamoja na njia mbadala umeme unapokatika. Isipoandikwa, mkulima aweza kurudi nyumbani bila ushahidi wa mzigo wake.

Tanbihi: Mtendaji si lazima awe mtu, mizani iliyounganishwa na mfumo ni mtendaji pia. Visa ni wingi wa kisa. Kibali cha kuingia nchi ya kigeni ni viza.